RADIUS inatupa pakiti stima ikirudi, bafa ya soketi inajaa (FreeRADIUS, Debian 11, Kisumu)

fundi_wa_kondele

Wakuu habari za jioni. Niko Kisumu, tunasambaza intaneti ya mtaani Kondele, Manyatta na sehemu ya Mamboleo, wengi ni wateja wa PPPoE (rauta ya mteja inaingia kwa jina na nywila) kupitia MikroTik, rauta yetu kuu, halafu kuna hotspot kidogo kwa maduka, jioni watu wakirudi nyumbani tunakuwa na kama 900 hewani kwa pamoja. Nyuma kuna seva moja tu, Debian 11, kori nne, FreeRADIUS 3 (RADIUS, inayokagua nani anaruhusiwa kuingia na kuweka hesabu za matumizi) na MariaDB (database) zinakaa mashine hiyo hiyo. Kazi nimeipokea kutoka kwa jamaa mwingine aliyehamia Nairobi kwa hivyo vitu vingi nimevikuta vishawekwa na sijavigusa.

Shida yenyewe. Mchana hakuna neno. Jioni wachache wanalalamika kuingia kunachelewa. Lakini stima ikipotea mtaa mzima halafu irudi, rauta zote za wateja zinawaka dakika moja na zote zinaomba kuingia, hapo ndio balaa, nusu saa nzima watu hawajaingia, simu inalia bila kukoma, na kuna wenye cyber na vijana wanaofanya kazi za mtandaoni usiku ambao kila dakika wakiwa nje ni pesa yao inapotea, hiyo ndio inaniuma zaidi.

Kinachonichanganya ni kwamba tcpdump kwa seva inaonyesha maombi yanafika poti 1812 (ya kuingia) vizuri kabisa, lakini upande wa RADIUS mengi ya hayo maombi hayaonekani popote, ni kama hayakuwahi kuja. CPU kwa jumla haipiti 25% hata wakati wa fujo, RAM imebaki zaidi ya nusu. Hapa ndio nimefika:

    $ netstat -su
    Udp:
        4811902 packets received
        96 packets to unknown port received
        61377 packet receive errors
        4790018 packets sent
        61377 receive buffer errors
        0 send buffer errors

Nimesoma hapa na pale naona hiyo receive buffer errors ni bafa ya soketi (nafasi pakiti zinaposubiri programu izisome) kujaa. Swali: nitajuaje ni soketi gani inajaa, na inajaa kwa nini wakati mashine bado ina nguvu? Niongeze bafa tu ama kuna kitu cha kuangalia kwanza? Msaada tafadhali, msimu huu wa mvua stima haikai.

---

kijana_wa_milimani

Omera bafa yako ni ndogo, hiyo tu. Linux ikija inakupa 212992, yaani baiti laki mbili na kitu, kwa seva yenye watu 900 hiyo inajaa mara moja. Weka hivi:

    sysctl -w net.core.rmem_max=67108864
    sysctl -w net.core.rmem_default=67108864

halafu washa RADIUS upya juu soketi inachukua saizi wakati inafunguliwa, ile iko hewani haibadiliki. Andika pia kwa faili ndani ya /etc/sysctl.d/ ndio isipotee ukiwasha mashine. Mimi nilifanya hivyo kwa seva ya kukusanya logi na makosa yakaisha kabisa.

---

dada_wa_logi

Ndugu wa Kondele, hiyo 64MB usiiweke kwanza. Inaweza kukuharibia zaidi, nitakwambia kwa nini ama mtu mwingine atakwambia, lakini kwanza tujue pakiti zinatupwa wapi.

Niko Nakuru na kazi yangu ya kila siku ni seva za UDP, kwa hivyo hili swali nalijua vizuri. Hizo namba za netstat ni jumla tangu mashine iwake. 61377 inaweza kuwa yote ni ya usiku mmoja mwezi uliopita. Unachotaka ni mwendo, sio jumla. Tumia nstat, ukiiita mara ya pili inakupa tofauti tu tangu ulipoiita mara ya kwanza:

    nstat -z UdpInErrors UdpRcvbufErrors
    sleep 10
    nstat -z UdpInErrors UdpRcvbufErrors

Kitu kizuri kwa namba zako ni kwamba makosa yote ya kupokea na makosa ya bafa ni namba moja, 61377 na 61377. Maana yake hakuna pakiti zilizoharibika njiani, checksum ni sawa, kila iliyopotea hapo imepotea kwa sababu soketi ilikuwa imejaa.

Kuhusu tcpdump hapo usichanganyikiwe. tcpdump inaona pakiti mapema, ikiingia tu kutoka kwa kadi ya mtandao, kabla kerneli (moyo wa Linux) haijaipeleka kwa soketi. Kwa hivyo pakiti inaweza kuonekana kwa tcpdump na bado itupwe hatua ya mwisho mlangoni pa programu, na programu haitajua kamwe kwamba ilikuja. Hiyo ndio sababu logi ya RADIUS iko kimya. Sio kwamba inaficha.

Sasa soketi gani (1812 ni ya kuingia, 1813 ni ya accounting, yaani hesabu za matumizi):

    ss -uanm 'sport = :1812 or sport = :1813'

Angalia Recv-Q na ndani ya skmem angalia herufi r, rb na d. r ni kumbukumbu inayotumika saa hiyo, rb ni kikomo, d ni pakiti zilizotupwa kwa soketi hiyo pekee. Ukiwa na ss ya zamani isiyoonyesha d, soma /proc/net/udp, safu ya mwisho kabisa ni drops, ila poti zimeandikwa kwa heksa, 1812 ni 0714 na 1813 ni 0715.

Na ukipata nafasi thibitisha pia kwamba huku chini ni salama: `ethtool -S` ya kadi yako utafute missed ama no_buffer, na /proc/net/softnet_stat safu ya pili, hiyo nayo ni heksa na kila mstari ni CPU moja. Kama hizo ni sifuri basi kadi na kerneli zimefanya kazi yao. Kama RADIUS iko ndani ya Docker niambie, juu hizi hesabu ni za kila network namespace na ukisoma za mashine ya nje utaona sifuri na udhani uko sawa.

Lete matokeo ya jioni, sio ya saa hii.

---

fundi_wa_kondele

Asante sana dada. Hakuna Docker. Jana saa mbili usiku stima ilikatika kidogo upande wa Manyatta nikapata bahati ya kuikamata ikiwa kwa fujo. ethtool ni sifuri zote, softnet safu ya pili ni 00000000 kwa kori zote nne.

    State   Recv-Q  Send-Q  Local Address:Port  Peer Address:Port
    UNCONN  213504  0       0.0.0.0:1812        0.0.0.0:*
         skmem:(r213504,rb212992,t0,tb212992,f3584,w0,o0,bl0,d23918)
    UNCONN  213504  0       0.0.0.0:1813        0.0.0.0:*
         skmem:(r213504,rb212992,t0,tb212992,f3584,w0,o0,bl0,d37459)

Nimeiita mara kadhaa mfululizo, Recv-Q inakaa hapo hapo kwa zote mbili, haishuki, na d inapanda. r imepita rb, hiyo ni kawaida ama ni hitilafu?

---

mzee_wa_kaneli

Habari zenu vijana. Nasoma nikiwa Kakamega. Dada wa Nakuru amekuelekeza vizuri, mimi naendelea alipoachia.

r kupita rb kidogo ni kawaida, kerneli inakubali pakiti moja ya mwisho ivuke mpaka kisha ndio inafunga. Lakini tazama ulichokileta, ndugu, kwa sababu jibu limo humo. Kuna namna mbili za bafa kujaa. Moja, inajaa kwa mshtuko, unaona Recv-Q inaruka juu na baada ya muda mfupi sana inarudi sifuri, halafu inaruka tena. Hapo msomaji yuko sawa, ni pakiti zimekuja nyingi kwa mpigo kuliko nafasi, na bafa kubwa ni dawa halali. Ya pili ndiyo yako: Recv-Q imepanda na imekaa. Hapo hakuna mshtuko, kuna msomaji asiyesoma. Anayetakiwa kuchota pakiti kwenye soketi anafanya kitu kingine.

Hebu tuhesabu ni pakiti ngapi ziko ndani. Kerneli haihesabu baiti za ujumbe peke yake, inahesabu na gharama ya kuibeba pakiti, kwa hiyo ombi la RADIUS la baiti 150 kwenye mashine nyingi linakula kama 768. Gawanya 213504 kwa 768 unapata 278. Basi. Hiyo laki mbili inayoonekana kubwa ni pakiti 278 tu kwa kila soketi. Hata ile 212992 yenyewe haikutoka hewani, waliopanga kerneli walichukua pakiti 256 za baiti 256 kila moja, wakaongeza gharama ya kubeba, ikawa 832 mara 256.

Sasa jambo la CPU. Umesema haipiti 25% ukafurahi. Mashine ina kori nne. Asilimia 25 ya kori nne ni kori moja imejaa pomoni na tatu zimekaa bure. Hiyo ni alama ya kazi inayofanywa na mkono mmoja. FreeRADIUS kwa kawaida ina thredi (mkono wa kazi ndani ya programu) moja ya kupokea na kundi la thredi za kufanya kazi, kwa hiyo hata MariaDB ikichelewa, yule wa kupokea anapaswa kuendelea kuchota. Kwako hachoti. Naomba vitu viwili:

    ps -eLf | grep -i radius
    strace -tt -T -p <PID ya radius>

Hiyo ya pili iwache sekunde chache tu kisha uitoe, strace inapunguza mwendo wa programu na watu wako wako hewani. Nataka kuona anakaa wapi kati ya kusoma pakiti moja na nyingine.

---

fundi_wa_kondele

Mzee shikamoo na asante. Hii hapa ps:

    freerad  1127     1  1127  38    1 ... /usr/sbin/freeradius -f -X

ni mstari mmoja tu. Hiyo -X nimeifuata nikaikuta kwa /etc/default/freeradius, imeandikwa FREERADIUS_OPTIONS="-X". Kwa strace naona inasoma pakiti moja, halafu inaandikia soketi ya MariaDB, inasubiri, na kusubiri huko ni kama sekunde 0.04 hivi kwa kila pakiti ya accounting, ndio inarudi kusoma nyingine. Za kuingia zinaenda kwa database mara nyingi zaidi kabla zijibiwe.

---

mzee_wa_kaneli

Marahaba. Ndiyo hiyo.

-X ni ya kutafuta makosa. Ndani yake kuna -s, yaani hakuna thredi, mchakato mmoja unafanya kila kitu kwa zamu: unasoma pakiti, unauliza database, unasubiri, unajibu, ndipo unasoma nyingine. Na mchakato huo huo ndio unahudumia 1812 na 1813, kwa hivyo accounting ikichelewa na kuingia nako kunachelewa, ndiyo maana soketi zote mbili zimejaa kwa pamoja. Isitoshe inaandika kila hatua ya kila ombi kwenye logi.

Sekunde 0.04 kwa pakiti ni pakiti 25 kwa sekunde, sio zaidi. Sasa weka na hili: MikroTik yako inatuma interim update (hesabu za mteja akiwa bado hewani) kila baada ya muda gani? Kama ni dakika moja, watu 900 ni pakiti 15 kila sekunde za accounting peke yake. Umebakiwa na 10 za kila kitu kingine. Jioni unapumua kwa shida, na stima ikirudi watu 900 wanaomba kuingia pamoja na Start zao (pakiti za accounting za kuanza), hapo huna pa kupita.

Fanya kwa mpangilio huu, na baada ya kila hatua pima tena kwa ss:

Kwanza toa -X kwa /etc/default/freeradius na uwashe upya. ps -eLf ionyeshe thredi kadhaa.

Pili, 0.04 kwa UPDATE moja ni nyingi mno. Chukua swali la accounting kama lilivyo kwa queries.conf, uliulize `EXPLAIN`. Ukiona type ni ALL, database inasoma jedwali lote la radacct kila mteja anapotuma hesabu. Jedwali linalokuja na FreeRADIUS lina indeksi ya acctuniqueid, lakini wengine hutumia jedwali la paneli fulani ama la toleo la zamani na hiyo indeksi haimo. Usiruke hatua hii kwa sababu thredi zimeongezeka, thredi 32 zikisoma jedwali zima kwa wakati mmoja utahamisha foleni kutoka kwa soketi uipeleke kwa MariaDB.

Tatu, punguza interim. RFC 2869 inasema isipungue sekunde 60 kabisa, na inashauri isiwe chini ya 600. Dakika kumi zinatosha.

---

kijana_wa_milimani

Mzee naomba nieleweshwe, siulizi kwa ubishi. Sawa thredi ni shida, nimeiona. Lakini bafa kubwa ingemsaidia si pakiti zisitupwe wakati anatafuta? RAM iko. Kwa logi zangu ilifanya kazi. Mbona isifanye hapa?

---

dada_wa_logi

Kijana, swali zuri na ndilo nilitaka kulijibu tangu mwanzo.

Logi hazisubiri jibu. Rauta inatuma mstari wa logi na kuendelea na maisha yake, ukiusoma baada ya sekunde kumi bado una faida. RADIUS ni ombi na jibu. MikroTik inasubiri, na taimauti yake ya kawaida kwa RADIUS ni milisekunde 300. Sasa chukua hesabu ya mzee: pakiti 278 mbele yako, zinasomwa 25 kwa sekunde, ombi jipya litasubiri sekunde 11 kabla liguswe. Hata kwa hiyo bafa ndogo, kila ombi linalosomwa ni la mtu aliyekata tamaa kitambo. Seva inafanya kazi yote ya database, inatuma jibu, na hakuna anayelisubiri. Rauta ya mteja nayo imeanza PPPoE upya na ombi jipya limekwenda mkiani mwa foleni. Ndio maana fujo inachukua nusu saa badala ya dakika mbili, seva inashinda ikijibu maombi yaliyokufa.

Weka 64MB. Kwa 768 kila pakiti hiyo ni zaidi ya pakiti 87,000. Kwa mwendo wa 25 kwa sekunde ni karibu saa nzima ya foleni. UdpRcvbufErrors itasoma sifuri, utaona seva imepona, na hakuna hata mteja mmoja atakayeingia. Kupanua stendi ya matatu hakuongezi matatu barabarani, abiria watapata tu pa kusimama.

Kwa hivyo kanuni yangu ya kupanga bafa ya kitu kinachojibu ni: mwendo wa kusoma mara muda ambao mteja yuko tayari kungoja. Ukishasoma pakiti 2000 kwa sekunde na mteja anangoja sekunde moja, bafa ya pakiti 2000 ndio mwisho wa faida, hiyo ni kama MB moja na nusu. Zaidi ya hapo unahifadhi maiti.

Na kitu kingine kwa wote wanaosoma: rmem_max na rmem_default watu wanazichanganya. rmem_default ndio inapewa soketi ambayo programu yake haikuomba chochote. rmem_max ni dari tu ya ile inayoomba yenyewe kwa SO_RCVBUF, na kerneli inazidisha mara mbili kile ulichoomba, ndio maana ss inaonyesha namba kubwa kuliko uliyoandika kwa konfigi. Ukipandisha max peke yake na programu haiombi, hakuna kitakachobadilika na utapoteza usiku mzima ukishangaa.

---

mtu_wa_bungoma

Naongeza tu kwa wenye FreeBSD, juu kuna wengi huku wanatumia. Kule `ss` hakuna. Unaangalia `netstat -s -p udp` na mstari ni "dropped due to full socket buffers". Saizi ya kuanzia ni net.inet.udp.recvspace, na dari ni kern.ipc.maxsockbuf. Ya kuona foleni inakaa ama inashuka ni `netstat -an -p udp`, Recv-Q, vile vile mzee amesema. Hesabu ya dada inasimama pale pale, mfumo wowote.

Na kwa Linux mpya, kuanzia kerneli 5.18, huhitaji kukisia sana, tracepoint (kituo cha kufuatilia ndani ya kerneli) ya skb:kfree_skb inakupa sababu ya pakiti kutupwa, ya kwako ingesoma SOCKET_RCVBUFF. Debian 11 iko 5.10 kwa hivyo hiyo bado huna.

---

fundi_wa_kondele

Wakuu nimerudi. Nimefanya kwa mpangilio wa mzee na nimepima kila hatua.

Nikitoa -X tu, bila kugusa kingine, thredi zikatokea, Recv-Q ya 1812 ikashuka sifuri na kukaa. Ya 1813 pia. Lakini MariaDB ikapanda ikashika kori zote nne, vile mzee alisema foleni itahama ndivyo ilihama, kwa logi ya RADIUS nikaanza kuona maombi ya accounting yanarudiwa rudiwa.

EXPLAIN ikaleta type ALL na rows zaidi ya laki moja. Jedwali halikuwa na indeksi ya acctuniqueid, limetoka kwa paneli ya bili waliyokuwa wakitumia zamani. Nikaweka indeksi ya kawaida usiku wa manane, sikuweka UNIQUE juu kulikuwa na mistari iliyojirudia na ingekataa. Baada ya hapo UPDATE inaisha haraka hata strace naona ni chini ya milisekunde moja. MariaDB ikalala kabisa. Interim nimepeleka dakika kumi, na taimauti ya RADIUS kwa MikroTik nimeipeleka sekunde 3.

Stima ilipotea jioni ya juzi, mtaa mzima wa Kondele, ikarudi saa moja na kitu. Nilikuwa nimekaa mbele ya skrini. Watu waliingia karibu wote ndani ya dakika mbili tatu, simu zilizokuja ni za watu ambao rauta zao zenyewe zimeungua. Nimefurahi sana, nawashukuru wote, kijana na wewe, swali lako ndilo limenifundisha zaidi.

Imebaki kidogo. Wakati ule wa kurudi, 1813 ilitupa pakiti mia mbili hivi kisha ikatulia, Recv-Q iliruka na kushuka yenyewe. 1812 haikutupa hata moja. Hiyo niiache?

Na swali la pili, ukurasa wa hotspot ambako watu wanalipia kwa simu uko seva hiyo hiyo kwa nginx, dakika hiyo hiyo ya fujo wengine wanasema unakataa kufunguka. Hiyo ni TCP, ni ugonjwa ule ule?

Na la mwisho, nadhani yule jamaa aliacha -X kwa sababu alitaka kuona ni kwa nini mteja fulani anakataliwa. Mimi nitaonaje hayo bila -X?

---

dada_wa_logi

Hongera sana, na umepima vizuri kuliko wengi.

Ya 1813 sasa ni ule mshtuko wa kweli mzee alieleza, msomaji yuko sawa ila mpigo ulikuwa mkubwa. Hapa bafa ni dawa halali. Weka rmem_default 2097152, washa RADIUS upya, hakikisha kwa ss kwamba rb imebadilika. Accounting haina haraka kama kuingia kwa hivyo hapa hata ikingoja sekunde moja haina neno, na pakiti ya accounting iliyopotea MikroTik itaituma tena. Ukitaka kutenganisha kabisa, FreeRADIUS 3 inakuja na mfano unaoitwa buffered-sql ndani ya sites-available, inaandika accounting kwa faili ya detail kwanza na kujibu, halafu inaingiza kwa database kwa mwendo wake. Hapo MariaDB ikikwama accounting inarundikana kwa diski badala ya kukalia thredi za watu wanaoingia.

Ya nginx ni jamaa wa karibu lakini sio ule ule. TCP bafa ya kupokea ikijaa haitupi kimya kimya hivi, inamwambia mtumaji apunguze mwendo. Kinachojaa pale ni foleni ya wanaosubiri kukubaliwa:

    ss -lnt
    nstat -az TcpExtListenOverflows TcpExtListenDrops

Kwa soketi inayosikiliza, Recv-Q ni wangapi wako foleni na Send-Q ni mwisho wa foleni. nginx kwa Linux inaomba 511 isipoambiwa, na net.core.somaxconn ndio dari, kuanzia kerneli 5.4 ni 4096, zamani ilikuwa 128. Kwa 5.10 yako dari sio shida. Lakini uliza swali lile lile kwanza: foleni inaruka na kushuka, ama imepanda na kukaa? Kama imekaa, angalia kile kilicho nyuma ya nginx kabla ya kuongeza backlog (urefu wa foleni). Na kumbuka ile dakika MariaDB ilikuwa imeshikwa na RADIUS, inawezekana ukurasa wa malipo ulikuwa unangoja database hiyo hiyo na sasa umepona wenyewe.

---

mzee_wa_kaneli

La mwisho nalijibu mimi. Tumia raddebug. Washa control-socket kwa kuiunganisha kutoka sites-available kwenda sites-enabled, na ndani yake mode iwe rw. Halafu:

    raddebug -u jina_la_mteja

Inakuonyesha hatua zile zile ungeziona kwa -X, ila za mteja huyo mmoja tu, seva ikiwa hewani na thredi zake zote, na baada ya sekunde 60 inajizima yenyewe. Ukitaka muda mrefu ongeza -t. Ukitaka MikroTik moja tu badala ya mteja, tumia -i na IP yake.